Soko la ikat: faida hufungwa kwenye uzi kabla ya kufuma

Mfanyabiashara wa Biashara Street, Mombasa, au wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, akishushwa leo Jalan Sulawesi katika mji wa Denpasar, kisiwani Bali, hatajiona mgeni kwa muda mrefu. Majora yamepangwa hadi darini, wenye maduka wengi ni watu wa asili ya Kiarabu na Kihindi ambao wazee wao walifika kwa bahari ileile iliyowaleta wenzao pwani ya Afrika Mashariki, na mnunuzi hakubali bei ya kwanza. Wenyeji huliita eneo hilo Kampung Arab, yaani kijiji cha Waarabu. Kitakachomtatanisha ni kitu kimoja tu: ua lilelile, kwa rangi zilezile, limelazwa kwenye rafu tofauti, na bei ya rafu moja ni mara kadhaa ya bei ya rafu nyingine.

Rafu ya bei kubwa ina endek, nguo ya Bali inayofumwa kwa mkono kwa uzi uliofungwafungwa na kutiwa rangi kabla haujafika kwa mfumi. Rafu ya bei ndogo ina kitambaa cha kiwandani kilichopigwa chapa ya ua hilohilo. Katikati yake huwapo rafu ya tatu, nayo ndiyo inayoleta maneno mengi. Nguo zake zimefumwa kwa mkono kweli, kwa uzi uliofungwa kweli, lakini hazikufumwa Bali. Zimevuka bahari kutoka Troso, kijiji cha wafumi katika wilaya ya Jepara, Java ya Kati.

Rafu hizo tatu zinaeleza biashara nzima ya nguo za asili nchini Indonesia. Kwa mfanyabiashara au mtu mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingiza nguo hizo, au anayetaka kuweka fedha zake katika kazi ya ususi na ufumaji hapa kwetu, swali ni kwa nini rafu ya kwanza bado haijafungwa licha ya ushindani wa zile mbili.

Uzi ndio wenye ua

Ikat ni neno la Kiindonesia lenye maana ya kufunga. Uzi wa mtande, yaani ule unaokwenda kwa urefu wa nguo, au wa mshindio, yaani ule unaoukatiza, hutandazwa kwenye fremu na kugawanywa katika mafungu madogo. Kila fungu hufungwa kwa ukambaa mahali ambapo rangi haitakiwi kuingia. Uzi hutumbukizwa kwenye rangi, hukaushwa, baadhi ya mafundo hufunguliwa, mengine hufungwa upya, kisha hutumbukizwa tena katika rangi ya pili. Kazi hiyo ikimalizika ua limekwisha kuandikwa ndani ya uzi. Anayeketi kwenye kitanda cha mfumi hufichua tu kilichokwisha kuandikwa na mwenzake.

Visiwa vya Sumba, Flores na Timor hufunga mtande. Endek ya Bali na nguo za Troso hufungwa mshindio. Kijiji cha Tenganan, mashariki ya Bali, hufunga vyote viwili na kuvikutanisha kwenye kitanda mpaka maua yalingane. Nguo hiyo huitwa geringsing. Duniani ni mahali pachache tu panapojulikana kwa kazi ya namna hiyo. Wenzao wakubwa ni Wahindi wa Patan katika jimbo la Gujarat, wanaofuma hariri iitwayo patola, na Wajapani.

Hapo ndipo hesabu ya biashara inapoanzia. Fundi wa kukanyaga kitanda hufundishika kwa muda mfupi. Kitanda chenyewe hununulika au huchongwa. Lakini fundi wa kufunga, anayejua ni nyuzi ngapi zihesabiwe ili mkia wa farasi usipinde, na rangi ipi itangulie ili ya pili isiiharibu, huchukua miaka kupatikana. Kiwanda kinaweza kuiga sura ya nguo katika wiki moja. Hakiwezi kuiga ufungaji kwa bei ya kiwanda, kwa sababu ufungaji hauna mashine rahisi.

Maofisa wa Indonesia hupenda kuita maarifa ya namna hiyo kearifan lokal, yaani hekima ya mahali, na maneno hayo yametumika katika hotuba nyingi mno hata yanaanza kuchakaa. Wafumi wenyewe huyachukulia kama mali ya dukani. Wanajua lipi katika maarifa ya wazee linamgharimu mwigaji, na lipi ni mazoea tu yanayoweza kuachwa bila hasara.

Mila iliyokuwa ngeni

Wapo wanaodhani kwamba nguo ya asili ni ile ambayo haijabadilika tangu enzi za mababu. Nguo za Sumba zinawakanusha. Juu ya hinggi, shuka kubwa la mwanamume ambalo hufumwa kwa jozi, wamo simba waliochukuliwa kutoka nembo ya Wadachi, na wamo majoka waliotolewa kwenye vyombo vya kauri vya China. Ua la patola lenyewe lilifika na majahazi ya biashara. Kampuni ya Wadachi ya India Mashariki ilibeba patola kutoka Gujarat kwenda visiwani na kuzitoa kwa machifu kama zawadi na malipo. Biashara hiyo ilipofifia, wafumi wa visiwani walikuwa wamekwisha kulijua ua na wakalifunga wenyewe kwenye uzi wa pamba. Leo hakuna Msumba atakayekubali kuambiwa kuwa ua hilo ni la Kihindi.

Wazee hao, kwa maneno mengine, walikuwa wakisoma soko. Walichokiazima ni picha. Ufundi waliuacha palepale: kufunga, nili, mizizi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Wadachi walianza kuzipeleka hinggi kwao Ulaya, na katika karne ya 20 wanaume wa Sumba, ambao zamani hawakuhusika sana na kazi ya uzi, waliingia katika kuchora na kufunga maua, na wengine wakageuka wachuuzi wa kupeleka mizigo Bali kwa watalii.

Kamba nayo ilibadilika. Zamani ilikuwa ni vipande vya jani la gewang, mti wa jamii ya mitende. Leo wengi hutumia kamba ya plastiki ya kufungia mizigo, kwa kuwa hainyonyi rangi na hupatikana duka lolote. Aina ya fundo, na siku hizi hata rangi ya plastiki yenyewe, humwambia mpiga rangi lipi lifunguliwe kwanza na lipi lisubiri. Mnunuzi haoni mabadiliko hayo kwenye nguo wala hayapunguzi bei, ila siku za kazi zimepungua.

Bali wana mfano mzuri zaidi. Kila rangi inayoongezwa kwenye endek ingehitaji kufunga na kufungua upya. Badala yake mafundi huacha sehemu nyeupe ndani ya ua, kisha huipaka rangi ndogondogo kwa kijiti cha mwanzi huku uzi ungali kwenye fremu. Njia hiyo huitwa nyantri. Endek ya rangi nne au tano hupatikana kwa kufunga mara moja, na rangi bado imo ndani ya uzi, haikupigwa juu ya kitambaa.

Chukua mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Tuseme kufunga uzi wa ua moja kunachukua siku 10 na uzi huo unatoa mita 20. Kila mita imebeba nusu siku ya kufunga. Nyuzi zikirundikwa pamoja kwenye fremu kwa wingi maradufu na fundo moja likazibana zote, siku zilezile 10 zinatoa mita 40, na mzigo wa kila mita unashuka hadi robo siku. Mfumi hakuharakishwa wala kupunguziwa ujira. Ndiyo sababu karakana nyingi za endek hufunga uzi wa saruni kadhaa kwa pamoja, jambo ambalo mnunuzi wa jumla anapaswa kulijua anapoambiwa kwamba kila kipande ni cha pekee duniani.

Walipobadili kisicho chao

Siyo kila badiliko lililipa. Vitanda vya kukanyaga, ambavyo Waindonesia huviita ATBM, yaani chombo cha kufumia kisicho mashine, vilienea kutokana na kazi ya chuo cha nguo cha Bandung kilichoanza miaka ya 1920. Kitanda cha zamani hufungwa kiunoni: mfumi huketi chini, boriti moja imeshikizwa mbele yake, ya pili imeegemea mapajani na kufungwa mgongoni, na upana wa nguo hauwezi kuzidi urefu wa mikono yake. Kitanda cha kukanyaga huondoa kikwazo hicho na hutoa mita kadhaa kwa siku. Kwa endek na kwa Troso kilikuwa ukombozi.

Wengi waliokichukua walichukua pia uzi wa kiwandani na rangi za makopo. Kwa kawaida bei ilikuwa nzuri, ila ilimaanisha kwamba gharama zote kubwa sasa zililipwa kwa fedha za kigeni, maana Indonesia huagiza karibu pamba yake yote kutoka nje. Katikati ya mwaka 1997 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa rupia zipatazo 2,400. Katika mwaka 1998 kulikuwa na nyakati ambapo ilipita rupia 15,000. Mwenye karakana aliyenunua uzi na rangi kwa mkopo na kuuza ndani ya nchi alibanwa pande zote mbili. Aliyekuwa na nili yake shambani, mizizi yake msituni na mteja wake Ulaya alijikuta, bila kupanga, ana bidhaa ya bei nafuu kwa mgeni na gharama zisizopanda kwa kasi ya dola.

Troso nao walipata somo la aina nyingine. Kijiji hicho si cha wezi, kama wanavyodai baadhi ya wenye maduka wa Bali baada ya kuuza mzigo wake mchana kutwa. Ni mahodari wa kuiga ua lolote, la Sumba au la Bali, kwa vitanda vipana na kwa bei ya kati, na hata kutengeneza kitambaa cha makochi na mapazia. Ustadi huo nao ni maarifa ya mahali. Kasoro ilikuwa sokoni. Sehemu kubwa ya mzigo wao ilikwenda Bali, na baada ya mabomu ya Kuta ya Oktoba 12, 2002, yaliyoua watu 202, watalii walitoweka na oda zikakatika. Wafumi waliolipwa kwa kipande, majumbani mwao, ndio walioumia kwanza. Ugonjwa wa Uviko wa mwaka 2020 ulirudia habari ileile kwa kisiwa kizima cha Bali.

Mizizi, majani na shabu ya porini

Sehemu ambayo wenye mitaji huipita haraka, kwa kuiona ni mambo ya wanawake wa vijijini, ndiyo yenye fedha nyingi zaidi ambazo hazijachumwa. Ni rangi.

Rangi nyekundu ya Sumba, Flores na Tenganan hutoka kwenye mizizi ya mengkudu, mti ambao tunda lake huuzwa Afrika Mashariki kwenye chupa kwa jina la noni. Mizizi peke yake haitoi rangi ya kudumu. Uzi hulowekwa kwanza katika mafuta ya kokwa za kemiri, hukaushwa juani, kisha hutumbukizwa mara nyingi katika mizizi iliyotwangwa pamoja na majani au magome ya mti uitwao loba. Loba hufyonza madini ya alumini kutoka ardhini na kuyaweka mwilini mwake. Kazi yake ni ileile ya shabu: hushikiza rangi kwenye uzi. Wazee hawakuwa na kipimo cha maabara, lakini walijua kwamba uzi usiopitia loba hurudi kuwa hafifu baada ya kufuliwa.

Soko la rangi za asili lilipokua, loba iligeuka tatizo. Magome huvunwa kwa kuukata au kuumenya mti, na mti uliomenywa hufa. Waliokuwa wakiuza rangi ya kudumu walikuwa wanakula mtaji wao wenyewe msituni. Shirika la Bebali, ambalo ni ndugu wa duka la nguo la Threads of Life la Ubud, Bali, lilishirikiana na wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na ikadhihirika kwamba majani makavu yaliyokwisha kudondoka chini ya mti yana alumini ya kutosha. Wanavijiji wa milima ya Flores wakaanza kuyaokota, kuyakausha na kuyasaga. Unga huo sasa huuzwa kwa wapiga rangi wa Marekani na Ulaya ambao hawajawahi kuiona Flores wala hawafumi ikat.

Mfanyabiashara aangalie kilichotokea hapo. Bidhaa mpya ya kusafirishwa nje imepatikana bila kufuma hata mita moja ya nguo, na msitu ambao ungekwisha umepata walinzi wenye sababu ya kuulinda. Hakuna aliyebuni kitu kigeni. Loba ilikuwa inajulikana. Kilichobadilika ni sehemu ya mti inayochukuliwa na namna ya kuifungasha.

Nili ina habari inayofanana. Majani mabichi hulowekwa majini hadi yachache, maji hutiwa chokaa na kupigwa mpaka yatoe povu, na kinachotuama chini ni uji mzito wa buluu. Uji huo ukichujwa unahifadhika. Anayetegemea majani mabichi hutia rangi pale tu nili inapositawi, wakati wa mvua na baada yake. Mwenye uji kwenye ndoo hutia rangi mwezi wowote, na akiwa na ziada humuuzia jirani asiye na shamba.

Kwa upande mwingine nili imezungukwa na miiko, na mwenye fedha asiyeiheshimu atapoteza fedha. Sumba, mtungi wa nili ni wa wanawake, mwanamume hausogelei. Tenganan kwa desturi hawatii nili kabisa kijijini mwao. Uzi ulipelekwa kijiji jirani cha Bugbug, ukarudi ukiwa tayari kwa mizizi. Mtu anaweza kuyaona hayo kuwa ni ushirikina. Kwa macho ya biashara ni mgawanyo wa kazi uliolinda siri ya fani kwa vizazi vingi bila wakili, na pia ni mlango mwembamba: mkataba wa nguo za buluu uliowekwa na mwanamume asiye na mke, dada wala mama anayeijua kazi ya mtungi ni karatasi tupu.

Jumanne ya endek

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla yake endek ilikuwa imesajiliwa nchini Indonesia kama kazi ya utamaduni wa jadi iliyo mali ya jamii, na Septemba 2020 nyumba ya mitindo ya Dior ya Paris ilikuwa imeionyesha katika mavazi yake ya msimu wa 2021. Gavana wa Bali, Wayan Koster, akatoa waraka uliowataka watumishi wa serikali, mashirika, shule na wengineo kuvaa endek kila Jumanne, kuanzia Februari 2021.

Kwa mfumi, hakuna habari njema kuliko wateja wanaolazimika kununua. Kwa mwigaji vilevile. Waraka wenyewe ulilalamika kwamba endek nyingi zinazovaliwa Bali zimetengenezwa nje ya Bali, na ukataka zivaliwe zile za mafundi wa kisiwani. Lakini karani anayetakiwa kuwa na sare ya Jumanne hanunui kwa waraka, hununua kwa mshahara wake. Akikuta rafu tatu, nyingi ya nia njema za serikali huishia rafu ya pili au ya tatu.

Waliofaidi kwa hakika ni wale ambao tayari walikuwa na wafungaji wao. Karakana iliyokuwa na mafundi wa kufunga na kupaka nyantri iliweza kutoa ua jipya ambalo Troso hawajalipata bado, na kulibadilisha kabla halijafika kwenye mashine ya chapa. Iliyokuwa na vitanda bila wafungaji ilibidi inunue uzi uliokwisha kufungwa kwingine, na hapo faida ilihama pamoja na uzi.

Usajili wa jina unasaidia kwa kiasi chake. Nguo za ikat za Sikka, Flores, zilisajiliwa mwaka 2017. Cheti humpa muuzaji sababu ya kutetea bei mbele ya mnunuzi mkubwa wa nje, na huwafunga wenye kijiji kufuata kanuni walizoziandika wenyewe. Hakimzuii mchuuzi wa mtaani.

Pwani ya Afrika Mashariki inalijua jambo hilo kwa upande wake. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” kuwa alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wa Kenya waliweka pingamizi, wakisaidiwa na watetezi wa biashara ya haki huko Uingereza, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Jina liliokolewa. Vikoi vingi vinavyouzwa ufukweni, hata hivyo, vinaendelea kutoka katika viwanda vya mbali, kwa kuwa kikoi ni mistari tu, na mistari haina fundo ndani ya uzi la kumchelewesha mwigaji.

Fedha za uzi

Benki hazipendi biashara ambayo mzigo wake hukaa miezi kadhaa ukiwa nusu. Shuka la Sumba la rangi za asili huweza kumaliza mwaka, na geringsing ya Tenganan huchukua miaka kadhaa kwa sababu ya kungoja wekundu ukolee. Ndiyo maana mfumi wa kawaida huwa mikononi mwa dalali: dalali humpa uzi, huchukua nguo, na hesabu ya katikati anaijua dalali peke yake.

Njia ya kutoka hapo wameipata palipokuwapo siku zote, kwenye arisan, ambayo msomaji wa Tanzania ataitambua kuwa ni upatu na wa Kenya ataiita chama. Wanawake huchanga kila mwezi, mmoja hupokea. Vikundi vya wafumi vimeigeuza kidogo: anayepokea hupokea uzi, au kikundi kizima huja kumfungia uzi wake kwa siku moja, naye hulipa kwa kuwafungia wenzake zamu zao zikifika. Fundo la mtu mmoja la wiki mbili hukamilika kabla jua halijazama. Nguo ikimalizika ni ya mfumi mwenyewe, na anaweza kungoja bei.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mahali pa kuingilia ni hapo. Kumnunulia mfumi kitanda cha pili hakuna maana kama uzi uliofungwa hautoshi kitanda cha kwanza. Mafungu ya uzi, ndoo za uji wa nili, magunia ya unga wa loba na posho ya wafungaji ndivyo vinavyoamua mita ngapi zitatoka, na vyote vinaweza kugharamiwa kwa fedha ndogo kwa awamu. Hatari yake ni muda. Fedha zilizoingia kwenye wekundu mwezi huu hazitarudi kabla ya msimu mwingine wa watalii, na mwenye kuzihitaji kwa karo ya Januari asizitie humo.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aliyesimama Jalan Sulawesi, au mbele ya begi la mchuuzi popote pale, ana njia ya haraka ya kutenganisha rafu ya chapa na nyingine. Kwanza aigeuze nguo. Chapa huwa hafifu upande wa nyuma. Ikat ina ua lenye nguvu sawa pande zote mbili. Pili aangalie ukingo wa ua: wa ikat huwa na ukungu kidogo kuelekea upande wa uzi uliofungwa, kwa kuwa rangi hupenya chini ya fundo, wa chapa hukatika kama uliochorwa kwa rula. Tatu, akiruhusiwa, achomoe uzi mmoja kwenye pindo. Uzi wa ikat, ukiwa peke yake kiganjani, unabadilika rangi kipande kwa kipande.

Kutenganisha Bali na Troso ni kazi ngumu zaidi, na uzi hausemi. Hapo huulizwa cheti, huulizwa jina la karakana, na huombwa kuonyeshwa fremu ya kufungia. Mwenye duka asiye na fremu wala asiyemjua mwenye fremu anauza nguo ya mtu mwingine, na bei ishuke kulingana na hilo.

Oda za nguo nyekundu za mizizi hupokelewa kabla ya ukame, wakati uzi ungali unalowekwa mafuta. Anayefika nguo zikiwa zimeanikwa atapata zilizobaki.